Jenereta la kipe chetu limechoka, na mdogo wangu hataki libadilishwe

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ujiji, Kigoma, na maisha yangu yote yamekuwa ya dagaa. Nilianza kwa kununua beseni moja moja pale mwalo wa Katonga, ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, naanika, nauza kwa wanaosafirisha. Nikajibana hadi nikaweza kuingia kwenye chombo. Leo tuna kipe, mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti na wavu unashushwa katikati, mimi na mdogo wangu wa kiume, tumbo moja. Yeye ni nahodha. Mimi ni wa nchi kavu: nashika hesabu, leseni, chakula cha wavuvi, wateja na kuanika.

Baba alipofariki, shamba lake la kahawa la Kalinzi liliuzwa na kila mtu akapata fungu lake. Mbao na nyavu nilikuwa nimenunua mimi kwa pesa ya dagaa. Injini ya kusukuma chombo nililipa kwa mkopo wa kikoba. Mdogo wangu alichukua fungu lake la shamba akanunua jenereta, nyaya na balbu. Wakati ule tulikuwa bado tunatumia karabai, na mafuta ya taa yalikuwa yanatumaliza. Jenereta lilipokuja, nasi tukaonekana watu.

Shida ilianza baada ya Ziwa Tanganyika kufungwa kwa uvuvi mwaka 2024, ile miezi mitatu ya Mei hadi Agosti. Jenereta lilikaa bandani na petroli yake ndani. Uvuvi ulipofunguliwa likawa gumu kuwaka. Fundi akasafisha kabureta, likawaka, lakini tangu hapo halijawa sawa. Linakula oili, linatoa moshi wa buluu, na taa zinafifia na kurudi. Kuna usiku dagaa walikuwa wameshajaa chini ya mwanga, wavuvi wanajiandaa kuvuta wavu, taa zikazima zote. Hadi wanaliwasha tena, dagaa wametawanyika. Walirudi na samaki wa kitoweo tu. Na kuna usiku mwingine, ambao ndio unaninyima usingizi zaidi, kijana mmoja aliongeza petroli jenereta likiwa la moto, ikamwagika, ukaruka moto. Aliungua mkono. Alhamdulillahi walimwagia mchanga wa kwenye jiko, ukazima.

Sasa kila mtu ana lake. Fundi wa mdogo wangu anasema ringi za pistoni zimeisha na koili imeungua, inatakiwa kuwaindiwa upya, yaani kuzungushiwa waya mpya, nimpe 350,000. Fundi mwingine niliyempelekea kimyakimya alilisikiliza likiunguruma akasema huenda ni AVR tu, yaani kile kifaa kinachotuliza volti. Dukani jipya la ukubwa uleule ni 950,000. Mwanangu wa kwanza, aliyesomea umeme VETA, ananiambia, "Mama, achaneni na jenereta, nunueni betri na taa za LED, mchaji nyumbani." Mjomba wake alimjibu mbele ya watu kwamba mtoto ambaye hajawahi kulala ziwani asimfundishe kazi.

Gawio langu la kikoba litatoka karibuni, kama 1,400,000. Lakini binti yangu amepata nafasi chuo cha uuguzi na ada ya kuanzia inadaiwa. Nilimwambia mdogo wangu kwamba mimi naona tununue jipya, kwa pesa yangu, yeye asitoe hata shilingi. Nilidhani atafurahi. Badala yake akanuna, akasema jenereta ni zima, linataka matengenezo tu. Nilipomuuliza mbona matengenezo hayaishi, na mbona yule fundi hatoi hata risiti, akasimama akasema, "Basi dada, tafuta na nahodha mpya." Tangu siku ile anakuja kuchukua mafuta na chakula, anasalimia, anaondoka.

Watu wananiambia asiyetaka maswali ana kitu anaficha. Sitaki kuamini hivyo kuhusu mdogo wangu. Lakini wavuvi wawili wameshaanza kusema watahamia chombo kingine, na giza la mwezi, zile siku zetu za kuvua, linakuja. Nitengeneze tena, ninunue jipya, au niachane kabisa na jenereta? Na nimrudisheje ndugu yangu?

Mama wa Katonga

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole pia kwa kijana aliyeungua mkono. Naomba awe amepona vizuri na kwamba mlimpeleka zahanati.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Unaniuliza juu ya mashine, na mashine nitaizungumza, kwa sababu usiku ule taa zilipozima mlipoteza riziki ya nyumba kadhaa, si yako peke yako. Lakini kuna mstari mmoja ambao umeuandika haraka ukapita. Mbao zako, nyavu zako, injini kwa mkopo wako, na fungu la mdogo wako la shamba la baba likaingia kwenye jenereta na taa. Naomba turudi hapo kabla hatujafika dukani.

Ulipomwambia utanunua jipya kwa pesa yako na yeye asitoe hata shilingi, wewe ulikuwa unampunguzia mzigo. Ninaamini hivyo, na ninadhani hata yeye akitulia anaamini hivyo. Ila hebu lihesabu jambo lilelile ukiwa umekaa upande wake. Jenereta likitoka chomboni, ni kitu gani kimebaki humo ambacho ni chake? Shamba limeshauzwa. Pesa ya shamba ilikuwa ndani ya chuma kile. Jipya likiingia kwa gawio lako, kipe kitakuwa cha kwako kuanzia ubao hadi balbu, na yeye atakuwa nahodha anayelipwa fungu kama nahodha mwingine yeyote wa Katonga au Kibirizi. Huenda ndiyo maana alisema utafute na nahodha mpya. Uliyasikia maneno hayo kama kitisho. Inawezekana yalikuwa woga.

Nasema huenda, kwa sababu simjui na sijamsikia. Inawezekana pia kuna jambo kati yake na yule fundi, na wewe kuuliza risiti ni haki yako kama mshika hesabu. Lakini ule usemi wa watu kwamba asiyetaka maswali anaficha kitu, mimi sijauona ukiwa kweli kila mara. Wapo wanaokataa maswali kwa sababu swali limewafikia kama hukumu. Mjomba mtu mzima ameambiwa na mtoto wa dada yake kwamba jenereta lake halifai, kisha akasikia na dada mwenyewe amelipeleka kwa fundi mwingine kimyakimya. Mwaloni siri hailali. Usidhani halijamfikia.

Sasa mashine.

Unasema fundi mmoja ametaja ringi na koili, mwingine ametaja AVR. Hayo ni magonjwa ya sehemu mbili tofauti, na barua yako yenyewe ina dalili za sehemu zote mbili. Kula oili na kutoa moshi wa buluu ni mambo ya upande wa injini: oili inapenya pale pistoni inapopanda na kushuka, inaungua pamoja na petroli. Taa kufifia na kurudi kunaweza kutoka upande wa umeme, iwe AVR, brashi zilizolika, koili, au hata waya uliolegea kwenye soketi. Kunaweza pia kutoka kwenye injini yenyewe, maana injini ikipungua mzunguko, volti nazo zinayumba. Na petroli iliyolala miezi mitatu ndani ya tangi huacha utomvu kwenye vitundu vya kabureta, na kusafisha mara moja si lazima kuumalize wote. Kwa hiyo mafundi wako wawili wanaweza wote kuwa wakweli, na wote wakawa wamesema nusu.

Nikuulize: yupo kati yao aliyelipima jenereta likiwa limebeba mzigo? Kulisikiliza likiunguruma tupu hakutoshi. Mbalamwezi ikija, siku zile ambazo vipe vinalala ufukweni kwa kuwa mwanga wa mwezi unatawanya dagaa, ndiyo nafasi. Lishushwe nchi kavu, lifungwe balbu zote linazobeba ziwani, liungurume saa mbili, na fundi asome volti kwa mita mwanzoni na mwishoni. Injini nayo ipimwe mgandamizo. Kama volti zinakuwa sawa mara baada ya kubadili kifaa kidogo, umeokoa pesa nyingi. Kama koili kweli imeungua, ifunguliwe uione kwa macho, maana koili iliyoungua hubadilika rangi na kunuka. Na kifaa chochote kitakachotolewa, ukabidhiwe mkononi. Fundi mwaminifu hatakasirika kwa hilo.

Ningependa mdogo wako awepo siku hiyo. Tena ningependa yeye ndiye aseme ni fundi gani wa pili aitwe.

Kutengeneza kuna uzuri wake. Ni pesa ndogo, ada ya binti inabaki salama, na heshima ya mdogo wako haiguswi. Hatari yake ni kwamba kama ringi na koili vyote vimekwisha, unamtibu mgonjwa wa maradhi mawili kwa zaidi ya theluthi ya bei ya jipya, na bado kabureta na mengine ni ya zamani. Uliza pia waya utakaotumika kwenye koili ni wa shaba au wa alumini, kwa sababu majenereta mengi ya bei ndogo yana alumini ndani na hayadumu sawa. Uliza na dhamana, hata ya mwezi mmoja, iandikwe kwenye karatasi. Kama jibu ni kwamba dhamana haipo, hilo nalo ni jibu la kuliweka kwenye hesabu yako.

Kununua jipya kunakupa usingizi kwa muda. Wavuvi watatulia, mdogo wako hatakuwa na kisingizio cha taa. Lakini 950,000 ikitoka kwenye 1,400,000, mwanangu, unabaki na 450,000 na chuo kinasubiri. Sijui ada ni kiasi gani na hukuiandika; ninashuku hukuiandika kwa sababu namba hiyo inauma. Iandike. Iweke karatasi moja na namba ya jenereta. Vyuo vingi hukubali ada kwa awamu, na kuuliza ofisi ya mhasibu hakugharimu kitu, lakini jenereta nalo wapo wenye maduka wanaokubali malipo ya awamu kwa mtu wanayemfahamu. Usiichukulie kama amri kwamba lazima mmoja alipwe taslimu na mwingine angoje, wala kwamba anayengoja ni binti.

Na kuna la kufungwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimama kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mwenye chombo mwenye busara sasa anaweka uwezekano huo kwenye mipango yake ya kila mwaka. Jenereta jipya lililonunuliwa miezi michache kabla ya ziwa kufungwa litakaa bandani likiwa bado halijarudisha gharama. Ukifika huko, tangi limwagwe na kabureta ikaushwe kabla ya kulifunika, vinginevyo mtarudi palepale.

Halafu wazo la mwanao. Nimeona limekataliwa kwa sababu ya aliyelisema na mahali aliposema, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu lina uzito. Lakini halina uzito kiasi kwamba limalize mjadala, na ningependa ulione lote.

Hukuniambia mna balbu ngapi. Tuseme mna nane za wati 100, hizo ni wati 800. Taa za LED zenye mwanga unaokaribiana zinaweza kula kama wati 15 kila moja, jumla wati 120. Kwa saa kumi za usiku hizo ni wati-saa 1,200. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini betri ya asidi ukiimaliza zaidi ya nusu kila usiku unaiua mapema. Kwa hiyo mnahitaji mbili, na hata hizo mbili hazina akiba ya usiku uliorefuka. Betri za lithiamu zinakubali kutumika karibu zote na ni nyepesi, ila bei yake ni ya juu. Betri mbili za asidi zinaweza kufika kilo 50 au 60 kwa pamoja. Nani atazibeba kila asubuhi kutoka mwaloni hadi nyumbani Ujiji, na kuzirudisha jioni? Bodaboda? Mkokoteni? Na zitalala wapi zisiibiwe?

Kuzichaji kwenyewe si tatizo kubwa kama zamani. Mkoa wetu uliishi kwa majenereta ya dizeli hadi ulipoanza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, na leo kuchaji betri hizo mbili ni kama uniti moja na nusu hadi mbili za umeme. Paneli nayo inawezekana, lakini masika ikishika siku nzima mawingu, jua halitajaza kilichotumika usiku.

Upande wa petroli, fanya hesabu uishangae. Kama jenereta linakunywa lita kumi kwa usiku na mnatoka usiku ishirini kwa mwezi, hizo ni lita 200. Na hapa ndipo penye jambo ambalo mwanao pengine hakuliona, kwa sababu yeye ni fundi umeme na si mshika hesabu wa chombo. Kwenye vipe vingi gharama ya mafuta inatolewa kwanza, ndipo kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Kama na kwenu ni hivyo, petroli mnailipa wote. Betri je? Betri ni kifaa, na kifaa hununuliwa na tajiri, yaani mwenye chombo. Ukihamia betri bila kuzungumza, utakuwa umechukua gharama iliyokuwa ya watu wote ukaiweka mgongoni mwako peke yako, na fungu la kila mvuvi litaongezeka kwa pesa yako. Siyo vibaya wavuvi wakiongezewa. Lakini liwe jambo mlilokubaliana, mkaweka kiasi kidogo kila usiku wa kuvua kwa ajili ya betri zitakapochoka, kwa sababu zitachoka.

Hapohapo naona njia nyingine ambayo hakuna kati yenu aliyeitaja. Badilisheni balbu kwanza, jenereta libaki. Balbu za LED za volti 230 zinaingia kwenye soketi zilezile, mzigo unashuka sana, na jenereta lililochoka huenda likavumilia au likatengenezwa kwa kidogo. Hasara yake ni kwamba jenereta kubwa likibeba mzigo mdogo bado linakunywa petroli, haliwezi kushuka kulingana na taa, na injini inayokula oili itaendelea kula oili. Ni njia ya kununua muda tu. Kuna wakati muda ndicho kitu mtu anachohitaji. Zungumzeni na afisa uvuvi kabla ya kununua taa za aina mpya, mjue zinazoruhusiwa, msije mkalipa mara mbili.

Mashaka ya mdogo wako juu ya taa mpya nayo usiyadharau. Dagaa hupanda juu usiku kufuata vijidudu wanavyokula, na mwanga huwakusanya. Nahodha aliyezoea mwanga fulani anajua wanavyokuja, wanavyojaa, na wakati wa kuvuta. Rangi ya mwanga ikibadilika, mazoea yake yanabadilika pia. Kipe kimoja cha jirani kilichohamia LED kingeweza kumpa jibu kuliko maneno ya mimi na wewe. Awaulize manahodha wenzake, mtu na rika lake. Akirudi na jibu lake mwenyewe, liwe la ndiyo au la hapana, litakuwa na uzito kuliko la mwanao hata kama ni jibu lilelile.

Kuna jambo moja ambalo silipimi huku na huku. Petroli isiongezwe tena jenereta likiwa la moto. Lizimwe, lipoe, ndipo lijazwe, hata kama dagaa wameshajaa, na dumu la akiba likae mtumbwi wa pili, mbali na jiko na mbali na sigara. Likifunikwa turubai kwa ajili ya mvua au mawimbi ya kusi, lisifunikwe linapounguruma, maana moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu. Na nyaya za volti 230 juu ya mbao zilizolowa zikaguliwe zote siku ileile ya kipimo. Mkihamia betri, hatari ya kupigwa na umeme inapungua sana, lakini waya wa betri ukigusana unaweza kuwasha moto, kwa hiyo fyuzi ni lazima. Haya yafanyeni hata kama hamjakubaliana jambo lingine lolote.

Turudi kwa ndugu yako. Unauliza umrudisheje. Ninaona njia kadhaa na kila moja ina bei yake. Unaweza kumwendea nyumbani kwake, si mwaloni mbele ya wavuvi, ukamuuliza swali ambalo nadhani hujamuuliza: kama jenereta hili litaondoka, wewe unataka ubaki na nini katika kipe? Kisha usikilize bila daftari. Inawezekana atasema thamani yake ihesabiwe. Inawezekana mtakubaliana jipya lilipwe nusu kwa gawio lako na nusu kutoka fungu lake kidogokidogo, liwe lenu wote. Inawezekana mtaandika, kwa mara ya kwanza, nani ana sehemu gani katika chombo. Ndugu wengi wanaogopa karatasi hiyo kwa kudhani inaleta utengano, na kweli ikiandikwa kwa hasira inautengeneza. Lakini siku mmoja wenu akiondoka duniani, watoto wenu watauliza, na hapatakuwa na wa kuwajibu.

Hatari ya mazungumzo hayo ni kwamba unaweza kusikia usilolipenda. Anaweza kukuambia kwamba kwa miaka yote amelala ziwani na wewe umelala kitandani, na kwamba hesabu yako haijawahi kuupima usiku. Usimjibu kwa mbao na nyavu papo hapo. Wewe una jua la kuanikia na madeni ya kikoba, yeye ana upepo na maji meusi yenye kina ambacho hakuna anayekiona. Nyote mna haki ya kuchoka.

Au unaweza kumtumia mtu: mama yenu kama yu hai, au mzee wa familia anayeheshimiwa na wote wawili. Ubaya wake ni kwamba mzee atapatanisha haraka, mtapeana mikono, na swali la nani anamiliki nini litabaki palepale hadi mashine nyingine iharibike.

Na unaweza kungoja. Simaanishi kungoja ni kosa. Kama ada ya binti inalipwa kwanza na giza hili mkapita kwa jenereta la kukodi au kuazima, gharama yake ni kubwa kwa usiku na faida itakuwa nyembamba, lakini utakuwa hujaamua jambo la miaka kwa presha ya wiki moja. Wavuvi wawili wanaosema watahama, waite uwaambie ukweli: jenereta linapimwa mbalamwezi, uamuzi utatoka baada ya hapo. Wavuvi huvumilia chombo kibovu kuliko wanavyovumilia chombo kisicho na maelezo. Wakihama hata hivyo, itauma, na hutakuwa wa kwanza wala wa mwisho Katonga kuanza na wavuvi wapya.

Mwanao pia. Alizungumza kweli yake, akaaibishwa mbele ya watu. Akimwendea mjomba wake kumwomba radhi kwa kusema hadharani, bila kukana alichosema, huenda mlango ukafunguka upande ambao wewe huwezi kuufungua. Zaidi ya hapo, siku ya kipimo mtahitaji mtu wa kusoma mita, na familia yenu inaye.

Niandikie baada ya mbalamwezi, uniambie mita ilisoma nini na mdogo wako alisema nini. Na kama yeye atataka kuandika upande wake, mwambie barua yake nitaisoma kwa moyo huuhuu niliosomea ya kwako.

Mama Mshauri